Vumbi la Machimbo na Afya ya Mapafu

Katika machimbo ya wazi, ambamo mawe, moramu, mchanga au madini huchimbwa juu ya ardhi, ajali inayohofiwa zaidi ni kuporomoka kwa ukuta wa machimbo. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ipo hatari nyingine iliyo kimya, ambayo huendelea kumdhuru mchimbaji hata baada ya kuacha kazi. Hatari hiyo ni vumbi la silika.

Silika imo katika miamba mingi. Mwamba unapochorongwa, kulipuliwa, kupondwa au kuchekechwa, hutoa vumbi. Sehemu kubwa ya vumbi linaloonekana kwa macho hunaswa puani na kooni. Linalodhuru zaidi ni lile lisiloonekana, lenye chembe ndogo kuliko mikromita 5, kwa kuwa hufika hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za kinga huzimeza chembe hizo, lakini haziwezi kuziyeyusha. Seli hufa, na mapafu hujenga makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hakuna dawa inayofuta makovu hayo. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa vumbi likiwa jingi sana huja mapema.

Machimbo hayalingani kwa hatari. Miamba ya volkano ya Mlima Kilimanjaro, inayochongwa kuwa matofali na kupondwa kuwa kokoto, kwa jumla ina silika huru kidogo, ingawa vumbi lake nalo huwasha njia ya hewa. Mererani, kusini magharibi mwa Moshi, tanzaniti hupatikana katika miamba ya kale iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, ambayo ina silika zaidi. Huko wanaapolo huchimba chini ya ardhi, lakini mawe hupondwa na kuchekechwa juu, na wanawake wengi hushiriki kazi hiyo. Upepo wa mahali pa wazi hauwakingi walio karibu na chekeche.

Kinga ya kwanza ni maji. Kulowesha mwamba kabla ya kuuponda, na kuchoronga kwa kutumia maji, huzuia vumbi lisiruke. Baada ya mlipuko wa baruti, wachimbaji wangoje vumbi litulie. Barakoa huja mwisho, wala kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 inayobana vizuri usoni. Nguo za kazi zibaki kazini, ili vumbi lisifike kwa watoto. Kuhusu ukuta, ukatwe kwa ngazi badala ya kuchimbwa kwa chini, na ukaguliwe kila siku, hasa wakati wa masika.

Kwa mhudumu wa afya, ugumu mkubwa ni kutofautisha silikosisi na kifua kikuu. Magonjwa yote mawili huleta kikohozi, kupungua uzito na kukosa pumzi, na picha za eksirei huweza kufanana. Tena, mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na akiwa na virusi vya UKIMWI hatari huongezeka. Kwa hiyo kila mgonjwa wa kifua aulizwe kazi anayoifanya na zile alizowahi kuzifanya. Aliyekwisha kutibiwa kifua kikuu zaidi ya mara moja bila vimelea kuthibitishwa apewe rufaa. Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, wilayani Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ipo kwenye miteremko ya mlima huu.

Mgonjwa naye ataje kazi yake bila kusubiri kuulizwa, na aache tumbaku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mchimbaji mdogo asiye na mkataba wa ajira ni vigumu kunufaika na fidia hiyo. Kwake yeye, ndoo ya maji kando ya jiwe na swali moja la mhudumu zahanati ndiyo kinga iliyo karibu zaidi.