Tungule za mpakani: sanduku la mbao au kreti ya plastiki?

Ukipita soko la Kongowea alfajiri, lori linaposhusha tungule, tazama chini ya masanduku. Utaona maji mekundu yanachuruzika mpaka kwenye vumbi. Maji yale ni pesa ya mtu. Mkulima atasema dereva alikimbiza gari, dereva atasema hamali walitupa mzigo, na mwenye mzigo atamlaumu mkulima kwa kuchuma zilizoiva mno. Chombo chenyewe hakilaumiwi na yeyote.

Tungule zetu za Pwani nyingi hutoka Taveta, Loitokitok na ng'ambo ya mpaka Tanzania, na wenzetu wa huko sanduku lile la mbao huliita tenga. Lakini mimi swala hili nililielewa vizuri mbali na kwetu, Busia na Malaba, mpakani na Uganda. Huko tungule moja hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa mlaji. Hupakuliwa upande wa Uganda, husukumwa kwa mkokoteni au kwa baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu (ambao wamejijengea kazi ya kuvusha mizigo pale Busia miaka mingi), hukaguliwa, husubiri juani, kisha hupakiwa upya. Na usisahau kwamba neno "bodaboda" lenyewe limezaliwa kwenye mpaka huo, kwa baiskeli zilizokuwa zikibeba watu baina ya vituo viwili vya forodha. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, msongo umepungua, maana ukaguzi wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja. Hata hivyo kushusha na kupakia bado kupo, na kila kushusha ni kipigo.

Sasa tulitazame sanduku la mbao. Limegongwa misumari na fundi wa mtaani kwa mabaki ya mbao, halikupigwa randa. Ni refu kwenda chini na hubeba kilo 60 na zaidi. Tungule ya chini kabisa imebeba uzito wa zote zilizo juu yake. Juu nako hujazwa mpaka kikafanya kichuguu, ile lumbesa tunayoijua. Sanduku la pili likiwekwa juu, halikai kwenye ubao wa sanduku la kwanza bali hukalia tungule zenyewe. Barabara ikianza kutikisa, makali ya mbao na vichwa vya misumari hufanya kazi ya kisu.

Tungule hata ikichumwa huendelea kupumua. Hutoa joto, na hutoa hewa inayoivisha matunda. Iliyojeruhiwa hutoa hewa hiyo kwa wingi zaidi kuliko iliyo nzima, kwa hiyo moja iliyopasuka asubuhi huziharakisha jirani zake, na ule ute wake unakuwa chakula cha ukungu. Mbao hunyonya ute huo. Safari ijayo unapakia tungule safi ndani ya ukungu wa juzi. Osha utakavyo, mbao mbichi yenye nyufa haitakati sawasawa.

Nyufa hizo zina mgeni mwingine, nondo mdogo anayeitwa kitaalamu Tuta absoluta, ambaye Tanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, na Kenya aliripotiwa mwaka 2014. Kiwavi wake hutoboa majani na matunda, na anapotaka kugeuka kuwa nondo hujificha kwenye udongo, kwenye majani makavu, na pia kwenye mipasuko ya masanduku. Sanduku tupu likirudi shambani bila kusafishwa linaweza kumpeleka kwa mkulima ambaye hakuwa naye. Hapo tunazungumzia shamba zima, wala si kikapu kimoja cha tungule.

Kreti ya plastiki ni kitu kingine. Ni fupi, hubeba kilo 20 hadi 25, ndani ni laini, na ubavuni ina matundu ya kupitisha hewa. Ukizipanga, kreti hukalia kreti, tungule haiguswi. Ikichafuka unaiosha kwa maji na dawa ya klorini, unaianika, imekwisha. Na uzito wake ni wa binadamu: mtu mmoja anaweza kuibeba akaiweka chini taratibu. Sanduku la kilo 60 halibebwi na mwanamke peke yake, na wachuuzi wengi wa mpakani ni wanawake, basi hulazimika kulipa hamali wawili, nao kwa kuchoka huliachia lianguke. Mzigo mzito hutupwa, mzigo mwepesi huwekwa.

Kuna watu wanaogopa kreti hizi wakidhani zimepigwa marufuku. La. Marufuku ya Kenya iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea na ile ya kufungashia. Ni kweli Busia na Malaba mifuko hiyo huvushwa kwa njia za panya kutoka Uganda, wanakoiita kaveera, na watu wanakamatwa, lakini kreti ngumu ya kutumika mara nyingi haimo humo.

Basi kwa nini mbao bado imetawala? Jibu ni pesa, na zaidi ya pesa ni safari ya kurudi. Nipige hesabu ya mfano, nawe weka bei zako. Tuchukulie sanduku la mbao la kilo 60 ni shilingi 400, na kreti moja ya plastiki ya kilo 20 ni shilingi 900. Kwa mzigo uleule unahitaji kreti tatu, shilingi 2,700. Umezidisha 2,300. Tuchukulie plastiki imekuokolea kilo sita kila safari, na kilo ni shilingi 80: hizo ni 480. Safari ya tano umerudisha tofauti yako, na baada ya hapo ni faida, kwa kuwa kreti nzuri hudumu miaka ikiwa haiachwi juani ovyo.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja, kreti irudi. Isiporudi, kila safari umetupa elfu mbili na kitu ili uokoe mia nne themanini. Na kreti ya plastiki ina maadui. Mjini hugeuzwa kiti cha muuza kahawa, meza ya muuza maji, kizuizi cha maegesho. Tazama kreti za mikate zilivyosambaa Mombasa, kisha niambie. Sanduku la mbao huibiwa na nani? Likichoka linakuwa kuni.

Dawa yake tunayo tangu zamani, ni kreti ya soda. Hupewi chupa bila kuacha chupa au pesa ya rehani. Wachuuzi wa tungule wakijiunga kumi au ishirini, kreti zao zikawa na rangi moja na alama moja iliyochomwa moto, na mnunuzi akaweka rehani, zitarudi. Wanunue zile zinazoingiana zikiwa tupu, lori lirudi nazo bila kujaza nafasi. Mchuuzi aliye peke yake, anayeuza kwa asiyemjua na kuondoka, mimi simshauri plastiki. Atafilisika.

Lipo jambo la kipimo pia, na hapa ndipo madalali wanaponuna. "Sanduku" sokoni limekuwa kipimo cha bei, wala si chombo tu. Anayenunua kwa mkulima hutaka kichuguu bila kukilipia. Kreti ya plastiki haikubali kichuguu, kwa sababu ukikiweka ile ya juu haikai. Kwa hiyo kreti humlinda mkulima hata kama hajui. Sisi tunaosoma Suratul-Mutaffifin hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo la vipimo, lakini sokoni tunajifanya kichuguu ni desturi.

Mbao yenyewe si rahisi kama zamani. Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, na zuio hilo lilidumu hadi Julai 2023. Fundi wa masanduku aliyaona mabadiliko hayo kwenye bei.

Kwa ambaye hana budi kubaki na mbao, sanduku lake linaweza kuboreshwa kwa gharama ndogo. Mwambie fundi alipunguze kina kwa theluthi, apige randa upande wa ndani, na misumari igongwe kutoka ndani kwenda nje, ncha ipindwe nje. Weka karatasi safi chini na ubavuni, wala usitumie majani ya shambani, maana huenda yana viwavi. Jaza mpaka vidole viwili chini ya ukingo. Na kabla ya sanduku tupu kuvuka kurudi shambani, lipige chini, lisugue kwa brashi na maji ya klorini, uliache juani siku nzima.