Kompyuta Isipowaka, Tazama Imekwama Wapi

Mtu akibonyeza kitufe na skrini ikabaki nyeusi, husema kompyuta imekufa, na kwa fundi huipeleka na maelezo hayo hayo. Lakini kompyuta ya mezani haiwaki kwa mkupuo. Kwanza pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, volti 230 au 240, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Umeme huo ukishatulia, pawa saplai huipa madabodi ishara ya kuendelea. Ndipo prosesa inapoanza kazi, BIOS inakagua rami na kadi ya picha, kisha inatafuta diski yenye Windows. Kila hatua ina namna yake ya kukwama, na anayejua kuzitofautisha haibiwi kirahisi.

Ikiwa hakuna feni inayozunguka wala taa inayowaka, anza nje ya boksi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Jaribu waya mwingine. Angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, yenye alama za I na O. Wafagiaji huigusa bila kujua. Kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani zina hatari ya ziada: baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye umeme wetu, utasikia kishindo na harufu ya kuungua. Hata hapo usikate tamaa, maana huenda kilichoungua ni pawa saplai peke yake. Ibadilishe nzima. Usiifungue, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa.

Hali inayowachanganya wengi ni ile ya feni kuzunguka vizuri huku skrini ikiwa tupu. Hakikisha kwanza skrini yenyewe inapata umeme. Kisha tazama kebo yake imechomekwa wapi: kama mashine ina kadi ya picha ya pembeni, kebo inatakiwa iingie kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la madabodi. Milio ya bipu nayo husaidia, ingawa maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, na mashine nyingi hazina spika ndani, kwa hiyo ukimya pekee hauthibitishi kitu.

Baada ya hapo mimi ningeishuku rami kabla ya kitu kingine chochote. Vumbi huingia kwenye nafasi yake, na kwa wakazi wa mwambao hewa ya chumvi hula miguu yake. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha boksi kabla ya kugusa kingine. Toa rami, futa miguu yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki, kisha irudishe mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Kazi hii haihitaji kipaji chochote, na kuna watu wamelipia madabodi mpya kwa sababu hakuna aliyeifanya.

Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye madabodi husingiziwa sana. Ikiisha, saa hurudi nyuma na tovuti huanza kukataa kufunguka, lakini kwa kawaida mashine bado huwaka.

Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana, basi umeme na rami huenda vimefanya kazi yao. Sasa tatizo liko kwenye diski au Windows. Chomoa fleshi zote, kwa sababu BIOS huweza kuhangaika kutafuta Windows ndani yake. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa kurekebisha. Anza na chaguo la kurekebisha uanzaji. Lakini ukisikia diski ya kuzunguka ikigonga tik, tik, zima na usiiwashe tena, maana kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi. Na ukimpelekea fundi, mwambie kabla hajagusa kitu: mafaili yanakiliwe kwanza, asiweke Windows upya. Wengine hukimbilia kuiweka kwa sababu ni haraka, kisha picha za harusi zinapotea.