Kuufungulia Mguu Njia Mpya za Damu

Damu ni msafiri asiyepumzika. Yatoka moyoni, yashuka mpaka nyayoni ikichukua hewa safi na chakula cha mwili, kisha yarudi. Isipofika mahali, nyama ya hapo hufa. Kwa wazee wengi, kwa wenye ugonjwa wa kisukari, na hasa kwa wavutaji wa tumbako, mishipa ya miguu huziba polepole kwa mafuta na chokaa, kama mfereji uzibwao na tope. Kwanza mtu hushikwa na maumivu katika shavu la mguu akitembea, nayo huisha akisimama. Baadaye humjia hata usiku kitandani. Mwishowe kidonda kidogo cha kidole hukataa kupona, huwa cheusi, kikageuka donda ndugu. Hapo mara nyingi daktari hana budi kuukata mguu ili auokoe uhai.

Mwaka 1964, mjini Portland, Marekani, bibi mmoja mwenye miaka 82 alikataa kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter akapitisha mirija myembamba ndani ya mshipa uliobanana, akaupanua. Mguu ukapata joto tena, na bibi yule akaendelea kuutembelea. Leo kazi hiyo yafanywa kwa kipira kidogo kinachojazwa ndani ya mshipa. Au daktari huunga mshipa mwingine ili damu ipite kando ya kizuizi. Lakini wako wagonjwa ambao mishipa yao imeziba kila mahali: hapana pa kupanua wala pa kuunga. Kwa ajili yao wataalamu waliuliza: ikiwa njia kuu imefungwa, je, mwili hauwezi kuamriwa kufungua vijia vipya?

Swali hilo halikuwa ndoto. Barabara ikikatwa na mafuriko, watu hujitafutia vijia kupitia mashambani. Mwili nao hufanya vivyo hivyo: kidonda kikipona, mishipa midogo huota ndani yake. Miongoni mwa protini zinazouamuru mwili kuotesha mishipa iko moja iitwayo VEGF, na amri ya kuitengeneza imeandikwa katika jeni. Mwaka 1996 Daktari Jeffrey Isner na wenzake, huko Boston, walitangaza kwamba wamemtilia mgonjwa mmoja jeni hiyo katika mshipa wa mguu. Picha zilionyesha mishipa midogo mipya. Lakini mguu ulivimba pia, na vijishipa vyekundu vikatokea juu ya ngozi. Amri ilisikiwa, ila haikujua mipaka yake.

Wengine walitumia chembe hai badala ya jeni. Mwaka 2002 madaktari wa Japani walieleza jinsi walivyochota uboho katika mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe, wakatenga chembe zake, wakazichoma kwa sindano katika shavu la mguu mgonjwa. Maumivu yakapungua, na wagonjwa wakaweza kutembea muda mrefu zaidi bila kuumwa. Tumaini likaenea upesi katika nchi nyingi.

Lakini tumaini halina budi kupimwa. Mgonjwa aweza kupata nafuu kwa kutunzwa vizuri tu, kidonda chake kikisafishwa kila siku. Kwa hiyo wagonjwa hugawanywa kwa kura: hawa wapewa dawa, wale wapewa maji yasiyo na dawa, wala mgonjwa wala daktari asijue nani amepata nini. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la namna hiyo, lililoitwa TAMARIS. Wagonjwa walikuwa 525, na jeni ilikuwa ya protini nyingine yenye kuotesha mishipa. Katika mwaka mmoja, waliokatwa mguu au kufa walikuwa 36 katika kila 100 waliopewa jeni, na 33 katika kila 100 wasiopewa. Mwaka 2015 ikawa zamu ya uboho: huko Uholanzi, katika wagonjwa 160, chembe zilizotiwa mshipani hazikupunguza kukatwa kwa miguu. Na Japani, iliyoruhusu kwa masharti dawa moja ya jeni mwaka 2019, iliona watengenezaji wake wakiondoa ombi la ruhusa kamili mwaka 2024.

Kwa nini? Vijia vingi vyembamba havitoshi kuchukua mizigo ya barabara kuu. Tena chembe nyingi zinazochomwa hufa upesi, na uboho wa mzee au wa mwenye kisukari huwa na nguvu haba. Wataalamu wangali wakitafuta, nasi twawaombea wafanikiwe. Lakini mtu akitujia na kutuahidi, kwa fedha nyingi, kwamba chembe zake zitauponya mguu bila shaka yoyote, tujue kwamba auza kisichothibitishwa. Familia isiuze shamba wala ng'ombe kwa ahadi hiyo.

Yako mambo yaliyothibitishwa, tena si ya gharama kubwa: kuacha tumbako, kushika dawa za kisukari na za shindikizo la damu, kutembea kila siku kama daktari anavyoelekeza, na kwenda hospitalini mapema, kabla kidole hakijawa cheusi. Mwenye kisukari aweza kukanyaga mwiba asiusikie. Basi ninyi wanafunzi mlio na macho makali, kila jioni chukueni taa, mkamtazame babu au bibi nyayo zake na katikati ya vidole. Mkiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, msingoje kesho kutwa.