Herufi L kwenye majibu yangu ya damu

Msimu wa palizi mwiba uliniingia kidoleni shambani, upande wa Matogoro. Usiku, nyumbani Mfaranyaki, kidole kilipwita. Siku ya tatu kikatunga usaha.

Kazi yangu ni maabara, basi nilipaka tone la usaha ule kwenye kioo, nikalitia rangi, nikatazama kwa hadubini. Nyutrofili tupu! Ni chembe nyeupe za damu, kiini chake kimekatika vipande vitatu, vinne. Nani aliziita? Seli za eneo lililoumia huachia protini ndogo, interlukini-8, iliyotambuliwa mwaka 1987. Hukolea penye jeraha, ikafifia kadiri inavyokwenda mbali. Nyutrofili inayopita mshipani huihisi, hunata ukutani, hujibana ikapenya katikati ya seli, kisha huelekea panapozidi kukolea, kama mtoto anavyofuata harufu ya mahindi ya kuchoma mpaka jikoni. Mishipa nayo hupanuka na kuvujisha maji. Ndiyo ule uvimbe na joto.

Mwezi mmoja kabla ya mwiba nilikuwa nimepima damu nikiwa mzima kabisa. Nyutrofili 1,300 kwa maikrolita, na pembeni mashine imeandika L, yaani chini. Miaka ya nyuma herufi hiyo ilinikosesha usingizi. Nilirudishwa kupima mara tatu, nikidhani nina saratani ya damu.

Sina. Chembe nyekundu za watu wengi duniani zina protini iitwayo Duffy, inayonasa interlukini-8 na jamaa zake. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara wengi wetu hatuna Duffy kwenye chembe hizo. Mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba kuikosa hukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria ya vivaksi. Pia hupunguza nyutrofili zinazoonekana kwenye damu, ilhali uboho unazitengeneza kama kawaida, na zikiitwa zinakwenda. Kidole changu kilikuwa shahidi.

Linaniuma kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kuahirishiwa dawa kwa sababu ya kiwango kilichopangwa kwa damu ya Wazungu. Mwaka 2008 vilichapishwa viwango vya watu wazima wenye afya wa Mbeya, huku kwetu kusini. Vya namna hiyo ndivyo vya kubandika ukutani. Mwenye homa kali au ambaye nyutrofili zake zimeshuka ghafla ni habari nyingine, huyo aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Nikikutana na L ya mtu mzima wa afya, naandika kwa kalamu chini yake: “Linganisha na majibu yake ya zamani.”