Tumerudi kwa Kiondo, Lakini Si Kama Zamani

Mara hii tunataka kuwaeleza habari ya kiondo. Mtasema, "Kiondo tunakijua tangu tuzaliwe." Hata sisi tulisema hivyo, na ndiyo sababu tunaandika.

Huku kwetu Makueni msichana alijifunza kusokota uzi akiwa bado mdogo. Alikaa karibu na susu yake, akachukua nyuzi mbili na kuzizungusha juu ya paja mpaka zikashikana. Hakuna aliyemweleza sana. Alitazama, akakosea, akafumua. Alipokuwa mkubwa mikono yake ilifanya kazi yenyewe, hata akiwa anatembea kwenda sokoni.

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilivuma. Wageni walikipenda, kikauzwa mpaka ng'ambo, na vikundi vingi vya akina mama vilianza kwa sababu ya pesa hizo. Chetu kilikuwa kimojawapo. Baadaye nchi za Asia zilianza kutengeneza vikapu vya mashine vilivyofanana na vyetu, bei ikaanguka. Mwaka 2003 broka mmoja alichukua vyondo vyetu 64 kwa ahadi kwamba angelipa baada ya mwezi. Hakurudi. Watatu wetu walikuwa wamekopa pesa za merry-go-round ili kununua mikanda ya ngozi, basi maneno yakawa mengi. Mama mmoja alitoka kikundini. Wengine tulibaki, lakini tukageukia kuku na kuweka akiba. Kusuka tukaacha kabisa.

Halafu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya nzima. Watu sokoni wakaanza kutuuliza, "Nyinyi si mlikuwa mnasuka?" Tulifurahi sana. Wengine walitaka kuanza siku iyo hiyo, na tulikaribia kurudia makosa yale yale. Aliyetuzuia ni mweka hazina wetu, kijana ambaye hajawahi kusuka hata kiondo kimoja. Aliuliza: "Kiondo kimoja kinachukua masaa mangapi?" Tulitazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyehesabu.

Basi kwanza tulikaa chini kama wanafunzi. Tulileta vyondo viwili. Kimoja kilikuwa cha zamani, cha susu ya mwenzetu, kilichobeba mahindi na choroko zaidi ya miaka arobaini. Kingine kilibaki kutoka siku za broka. Tuliviweka mezani na kuvitazama kama mtu ambaye hajawahi kuona kiondo.

Kwa wale wasiojua, kiondo kina nyuzi za kusimama, zinazoanzia kwenye kitako na kupanda mpaka mdomoni. Halafu kuna nyuzi mbili za kuzunguka, ambazo hupishana kila zinapofika kwenye uzi wa kusimama, moja mbele na nyingine nyuma. Kiondo kinapoendelea kupanuka, nyuzi za kusimama lazima ziongezwe. Kile cha susu kilikuwa kimeongezewa nyuzi mara nyingi, kidogo kidogo, na mizunguko yake ilibanana hata punje ya wimbi isingepita. Kile cha broka kilikuwa na nyuzi chache na nafasi kubwa. Hapo ndipo tulipoona aibu. Susu alisuka kitu ambacho angekibeba yeye mwenyewe. Sisi tulisuka ili tumalize haraka, kwa sababu bei ilikuwa ile ile, kizuri au kibaya.

Tukafumua sehemu ya kitako cha kile chetu. Uzi ulikuwa umesokotwa ovyo, mahali pengine mnene na mahali pengine mwembamba. Pale pembamba ndipo ulipokatika.

Baada ya hapo tulianza kuandika kila kitu kwenye daftari. Mkonge unatoa nyuzi kidogo sana kuliko mtu anavyofikiri. Katika kilo 100 za majani mabichi mtapata kama kilo 4 tu za nyuzi kavu, maana sehemu kubwa ya jani ni maji na nyama yake. Kiondo cha nusu kilo kinataka basi majani ya kilo 12 au 13. Na mkonge uliopandwa leo huanza kukatwa baada ya miaka mitatu hivi. Kikundi kinachotaka kazi hii kifikirie shamba kabla ya soko. Sisi tulipanda kwenye ukingo wa shamba, ukawa pia ua wa kuzuia mbuzi.

Masaa nayo tuliyahesabu. Kukwangua majani, kuosha na kuanika: masaa 4. Kusokota: masaa 16. Kusuka: 22. Kumalizia mdomo na kushona mkanda: 2. Jumla 44. Broka yule, hata kama angelipa, tulikuwa tumepatana shilingi 120 kwa kiondo. Gawanyeni nyinyi wenyewe. Ni chini ya shilingi 3 kwa saa, kabla ya kutoa gharama ya rangi na ngozi! Mama mmoja alicheka mpaka akatoa machozi, na hatukujua kama ni kicheko kweli.

Rangi ndiyo imetusumbua zaidi. Zamani weusi ulipatikana kwa kuchemsha nyuzi na maganda ya miti fulani, halafu kuzifukia kwenye matope meusi. Tulidhani ni mambo ya wazee tu. Kumbe maganda yana maji makali yanayokausha ulimi, yale yale yanayotumika kulainisha ngozi, na matope yana chuma. Vitu hivi viwili vikikutana vinafanya weusi unaoshika. Lakini msichune mti kuzunguka shina lote. Utakauka.

Rangi ya dukani pia si mbaya, mradi nyuzi zisuuzwe mpaka maji yawe safi. Jaribuni hivi kabla ya kusuka: lowesha kitambaa cheupe na kusugua uzi. Kikichafuka, rudisheni uzi kwenye maji. Halafu chukueni kipande kingine, funikeni nusu yake kwa karatasi ngumu na kukianika juani wiki mbili. Mkifunua mtaona wazi kama rangi imepauka. Mteja akichafuliwa nguo yake nyeupe mara moja, harudi tena.

Sasa tunasuka aina mbili tu. Kuna kikubwa cha sokoni, cha rangi yake ya asili, kisicho na ngozi, na kuna kidogo cha mapambo. Kila kiondo kina kijikaratasi chenye jina la aliyekisuka na masaa yake, na mteja wa vyondo vingi analipa nusu kabla hatujaanza. Wateja wengine wanaondoka wakisikia bei. Tunawaacha waende. Kikubwa bado hakijatulipa vizuri, kusema kweli, kwa sababu watu wa hapa kwetu hununua mifuko ya bei rahisi. Tunaendelea kukisuka kwa maana sisi wenyewe tunakitumia.

Weusi wa matope tumejaribu mara tatu na ukatoka kijivu. Wiki iliyopita yule mama aliyetoka kikundini alimtuma binti yake kutuambia kwamba tunafukia siku chache mno na kwamba matope yetu tumeyachota mahali pabaya. Tumemwomba aje atuonyeshe.

Tunakutana kila Alhamisi mchana. Kikundi kinachotaka kuona kije na kiondo cha zamani, hata kama kimetoboka.