Umbali wa Jiwe na Umbali wa Mwito

Leo nataka kukiri kosa langu mbele ya kadamnasi. Kosa lenyewe ni la maneno matatu tu ya Kiingereza, na gharama yake ilikuwa minazi 17.

Nilikuwa kijana wa miaka 19. Chuoni kwa maalim nilikuwa nimekwisha hitimu, na skuli nilikuwa nimetoka juzijuzi. Kiingereza changu kilikuwa kingali kibichi, lakini kilikuwa kimenipanda kichwani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba upande wa Kilifi alilorithi kwa babaye. Siku moja ikaja habari kuwa mashamba yatapimwa, na kila mwenye haki yake alete barua. Mjomba akaniita barazani.

"Mwanangu, niandikie. Waambie mpaka wangu u kwenye mbuyu. Kutoka kisimani si mbali, mtu akiita asikika."

"Naam, mjomba," nikajibu, kalamu i mkononi.

Basi nikaanza kutafuta maneno ya kupendeza. Nikakumbuka tulivyofunzwa skuli kuwa Mwingereza akitaka kusema mahali ni karibu husema "a stone's throw", yaani pale jiwe linapofika likitupwa. Nikayatia. Barua ikanoga! Nikamsomea mjomba kwa sauti, naye asifahamu hata neno moja, akaniombea dua.

Lisilonijia akilini ni kuwa mibuyu ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa papo hapo karibu na kisima, hatua kama hamsini. Wa pili, nao ndio wa mpaka, ulikuwa kule mbele, ambako mtu akiita alfajiri kabla upepo haujaamka, sauti humfikia mwenziwe. Wapimaji walipokuja na barua yangu, walipiga kigingi kwenye mbuyu wa kwanza. Mjomba alipopinga, walimwonyesha karatasi yenye alama ya kidole chake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza jinsi Waingereza wanavyotaja umbali wa mahali na namna ya kutenda jambo. Nimeona kuwa kila kaumu hupima kwa kile ilichonacho. Ile "furlong" yao ni urefu wa mfuo mmoja wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, wari 220, na nane zake ni maili moja. Maili nayo waliipata kwa Warumi, na asili yake ni hatua elfu, kila hatua ikihisabiwa kwa miguu yote miwili. "Fathom" ya mabaharia wao ni mikono miwili iliyonyoshwa, futi sita. Je, hiyo si ile ile pima yetu ya dhiraa nne? Hapo mvuvi wa Lamu na mvuvi wa Uingereza wangefahamiana bila ya mkalimani.

Dini yetu pia haikuacha jambo hili likielea. Katika Sura ya An-Najm umbali umetajwa kwa kiasi cha pinde mbili. Na msafiri anayetaka kupunguza Sala, katika madhehebu ya Imam Shafi, hakuambiwa aende "mbali" tu kisha aotee mwenyewe. Aliwekewa marhala mbili, nazo ni farsakh 16, ambazo kwa hisabu ya leo huzidi kilomita 80.

Sasa niwatajie wanafunzi mitego michache. Neno "far" Mwingereza hulipenda zaidi katika kuuliza na katika kukanusha. Akitaka kuthibitisha kuwa ni mbali, aghalabu husema "a long way", yaani njia ndefu. Tena kwa gari husema "by car", lakini kwa miguu ni "on foot". Na akisema "as the crow flies", yaani anavyoruka kunguru, ana maana ya mstari ulionyooka bila ya kuhisabu kona za njia. Kwetu Mombasa maneno haya yatakudanganya! Kutoka kisiwani hadi Likoni, kwa kunguru, haifiki kilomita moja. Lakini muulize aliyekwama kwenye foleni ya feri na mgonjwa ndani ya gari, atakwambia umbali wa kweli.

Ama katika namna ya kutenda, tofauti ni kubwa zaidi. Mwingereza hupenda kuitia namna ya mwendo ndani ya kitenzi chenyewe, na mahali akakuachia kineno kidogo nyuma. Husema "he limped into the mosque". Sisi hutanguliza kule mtu alikokwenda, kisha ndipo tukaeleza hali yake: aliingia msikitini akichechemea. Hatukupungukiwa na maneno. Tuna kunyata, kupepesuka, kutambaa, kwenda matiti na kwenda msobemsobe. Mpango ndio mwingine. Leonard Talmy, mwanachuoni wa Marekani, amezigawa lugha za ulimwengu kwa njia hii hii. Kwa hiyo mwenye kufasiri neno kwa neno hutoa sentensi iliyopinda, iwe kwa kwenda au kwa kurudi.

Kuna mtego mwingine unaoweza kumnyima mtu kazi. "He works hard" ni kusema afanya kazi kwa bidii. Ukidhani kuwa namna daima hutaka kile kimkia cha "-ly", ukaandika "he hardly works", umesema hafanyi kazi ila kwa nadra! Barua uliyoiandika kumsifu ndugu yako imegeuka kuwa shutuma.

Simwambii mtu aache Kiingereza. Elimu ni ngao, na maofisini barua nyingi zingali zaandikwa kwa lugha hiyo. Ninachowaomba vijana ni kuwa mzee akikukalisha barazani akuagize kumwandikia, usiyatafute maneno matamu. Muulize: ni hatua ngapi? Ni mti upi? Uko upande gani wa kibla? Kisha andika tarakimu, kwani tarakimu haina nahau. Ukimaliza, msomee kwa Kiswahili yale uliyoyaandika, wala si kwa Kiingereza kama nilivyofanya mimi.

Mjomba hakunilaumu hata siku moja. Jioni ile alipofahamishwa maana ya maneno yangu, aliuliza tu, "Na jiwe hilo, mwanangu, alilitupa nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Minazi ile 17 ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na mwandika pole ni vivyo hivyo.