Ukatekumeni na Mafundisho Yanayofuata Ubatizo

Ukatekumeni ni kipindi cha malezi ambacho mtu anayeomba ubatizo hufundishwa imani ya Kikristo huku mwenendo wake ukiangaliwa na jumuiya inayompokea. Hati ya kale iitwayo Mapokeo ya Mitume, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Hipolito wa Roma, inakitaja kipindi hicho kuwa cha miaka 3, ingawa inaongeza papo hapo kwamba kinachopimwa ni mwenendo wa mtu wala si urefu wa muda.

Maelezo yaliyo hai zaidi yameachwa na Egeria, mwanamke msafiri aliyehiji Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4. Anaeleza kwamba wakati wa Kwaresima waombaji wa ubatizo, pamoja na wasimamizi wao, waliketi kumzunguka askofu kwa saa 3 kila siku, naye akiyapitia Maandiko kuanzia kitabu cha Mwanzo, kisha akawakabidhi Kanuni ya Imani, ambayo baadaye kila mmoja aliikariri mbele yake. Hata hivyo, sehemu iliyo muhimu kuliko zote ilikuja baada ya Pasaka. Kwa siku 8 waliobatizwa walirudi kanisani, milango ikafungwa, na askofu akawafafanulia maana ya yale waliyokwisha kutendewa, akizungumza Kigiriki huku padre mmoja akitafsiri kwa Kisiria. Shangwe za wasikilizaji, asema Egeria, zilisikika hadi nje. Mafundisho hayo huitwa mistagojia, yaani kuongozwa ndani ya mafumbo ambayo mwamini ameshayaonja.

Katika Afrika ya Mashariki, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza malezi ya miaka 4 kabla ya ubatizo, akihofia waongofu wa haraka wasio na mizizi. Kanuni hiyo ilijaribiwa vikali huko Buganda wakati wa mateso dhidi ya Wakristo: Mei 1886 Karoli Lwanga, kiongozi wa waamini vijana huko, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia, aliwabatiza Kizito na wenzake wachache huko Munyonyo kwa sababu kifo kilikuwa mlangoni, na wengi wao waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni. Tukio hilo halikuutangua utaratibu wa Lavigerie, bali lilidhihirisha kwamba miaka ilikuwa chombo tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake, na ibada yake ilipotolewa mwaka 1972 mistagojia ilipewa nafasi katika kipindi cha Pasaka. Katika parokia nyingi, hata hivyo, ndiyo hatua inayorukwa, kwa maana kijana akishapata kipaimara huhesabiwa kuwa amemaliza mafundisho, naye huonekana tena kwa katekista anapotaka kufunga ndoa. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, zingeweza kuliziba pengo hilo, kwa kuwa hukusanya watu wa rika zote nyumbani kwa mmoja wao kusoma Injili, ikiwa tu usomaji huo ungepewa muda unaozidi ule wa kujadili michango.